Alichosema Bubu katika Filamu ya Nne

Nina hasira naye, na sitaanza habari hii kwa kujifanya imepoa. Mtu akikudanganya ukiwa na miaka kumi na minne, akakudanganya vizuri, kwa sauti nzuri, mbele ya banda zima la watu, nawe ukajenga maisha yako juu ya uongo huo tofali kwa tofali, una haki ya kukasirika mpaka uchoke mwenyewe. Mimi sijachoka.

Kijijini kwetu Mvumi watu wote walimwita Mtafsiri. Alikuwa na banda la video nyuma ya mashine ya kusaga: kuta za tofali za udongo, bati juu, mabenchi ya mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa madarasa, na mbele kabisa runinga ya kichogo iliyofungwa kwa mnyororo kana kwamba ingeweza kutoroka. Yeye alikaa kando yake kwenye kigoda, kipaza sauti mkononi, na kila kilichosemwa ndani ya kioo alikisema upya kwa Kiswahili. Alikuwa wanaume na wanawake, watoto na vikongwe, majenerali, mbwa, na mashine zilizokuwa zikihesabu sekunde kabla ya mlipuko.

Sijui alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hakuwa Mgogo, hilo tulilijua, kwa sababu Kigogo chake kilikuwa kibovu kiasi kwamba bibi waliopita na ndoo za mtama kwenda kusaga walisimama dirishani kumsahihisha. Alikuwa mfupi, shingo ndefu, na mwaka mzima alivaa koti moja la sufi ambalo wengine tungelivaa mwezi wa sita tu, upepo wa baridi unapotuingia mifupani.

Na nje ya banda alikuwa mchoyo wa maneno kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Dukani alionyesha kidole. Kisimani alipunga mkono. Ukimwamkia "Shikamoo, Mtafsiri," alikuitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, nyembamba, iliyokuwa kama ya mtu mwingine aliyejificha nyuma yake. Mama yangu, aliyekuwa akishona cherehani kwenye baraza iliyotazamana na banda, alisema, "Yule anaweka akiba. Yote anayamalizia mle ndani."

Filamu zilizotawala banda lile zilikuwa za Kikosi. Zilikuwa kumi na moja. Kila baada ya muda Mtafsiri alikwenda Dodoma mjini akarudi na nyingine kwenye bahasha, na habari ilifika kijiji cha jirani cha Handali kabla yeye hajashuka garini. Zilihusu watu wachache wenye uwezo usio wa kawaida wanaoiokoa dunia na kugombana wao kwa wao: Mama Upepo, aliyeweza kugeuza kimbunga kwa kiganja, Mtu wa Vioo, aliyeingia kwenye kioo kimoja akatokea kwenye kingine, Kijana wa Betri, aliyechoka kila alipotumia nguvu zake, na Bubu, jitu kubwa lililobeba malori na halikuwahi kufungua mdomo. Majina hayo si ya kwao huko walikotengenezewa. Aliwapa yeye. Leo nayajua majina yao halisi na hayanigusi hata kidogo.

Ukutani, kushoto kwa mlango, kulikuwa na ubao mweusi wa plaiwudi. Juu yake, kwa chaki, Mtafsiri aliandika orodha ya filamu zote za Kikosi kuanzia iliyo bora mpaka iliyo mbovu. Orodha ile ilileta ugomvi kuliko mipaka ya mashamba. Watu waliacha kusalimiana kwa sababu yake. Na kilichowaumiza zaidi ni kwamba haikuwa maoni ya Mtafsiri. Angekuwa ameipanga kwa kupenda kwake, watu wangemshawishi, wangemnunulia soda, wangemlilia. Yeye alipanga kwa maganda ya karanga.

Watu walikuja bandani na karanga mifukoni, karanga za maganda, za mashamba yetu wenyewe. Walitafuna, wakatupa maganda chini. Filamu ilipokwisha Mtafsiri alifagia, akayakusanya kwenye debe, akatazama yamefika wapi. Filamu ambayo debe lake lilijaa ilikuwa mbovu, maana watu walikumbuka kula. Filamu ambayo maganda yake hayakufunika hata sakafu ya debe ilikuwa nzuri, maana mikono iliganda mifukoni. Ndiyo sheria yote. Hakuwahi kuieleza kwa maneno mengi kuliko haya: "Sipangi mimi. Wanapanga wanaotafuna."

Filamu ya saba, ile ambayo Kikosi kizima kinaungana, vita inapiganwa saa nzima na waliokufa wote wanarudi, ile ambayo dunia yote iliipenda, yeye aliiweka ya kumi na moja. Ya mwisho. Vijana wa bodaboda walimjia juu.

"Kaka, hii ndiyo kali kuliko zote duniani!"

"Debe lilifurika," alisema Mtafsiri.

"Lilifurika kwa sababu watu walijaa!"

"Ya nne walijaa zaidi."

"Sasa wewe unapima filamu kwa karanga, je mtu ambaye hapendi karanga?"

"Huyo hanisaidii kitu."

Wiki iliyofuata walimlazimisha airudie ile ya saba, na wote wakakubaliana kuficha maganda mifukoni. Katikati ya vita, Mama Upepo akiwa juu ya mnara, Mtafsiri akasema kwa sauti ya Mama Upepo, bila kugeuza kichwa, "Nanyi mnaoficha maganda huko nyuma, nayasikia yakivunjika mkikaa." Banda zima likaangua kicheko. Filamu ya saba ikabaki pale pale chini, na mmoja wa vijana wale, ambaye sasa ana watoto wawili, bado akinikuta Mvumi ananiambia kwamba tulionewa.

Nasimulia haya na najikuta natabasamu, na hilo linaniongezea hasira. Hivyo ndivyo alivyotupata.

Alikuwa na haya zisizolingana na kazi yake. Watu walipobusiana kwenye filamu alisimama, akatundika kanga juu ya runinga, akarudi kukaa. Nyuma ya kanga muziki ukaendelea, nasi tukasubiri. "Wanafanya nini, Mtafsiri?" mtu alipaza sauti kila mara, akijua jibu. "Wanaombeana," alisema. Siku moja walikaa sana nyuma ya kanga, na sauti ya mzee mmoja ikatoka benchi la nyuma: "Hawa wana shida kubwa, maombi gani marefu hivi?" Matusi nayo hakuyatafsiri. Adui mkubwa kuliko wote, mwenye meli inayoweza kuzima jua, alipotukana, Mtafsiri alimfanya aseme, "Wewe mwenye miguu ya kuku." Kwa miaka mingi niliamini hilo ndilo tusi baya kuliko yote linalojulikana nje ya Afrika.

Lakini mtu huyo mwenye haya hakuwa na haya yoyote ya kuongopa. Mfano ni huu. Filamu alizinunua mjini zimechomwa kwenye CD nyeupe, zimeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito na mtu aliyekuwa na haraka. Ya pili ikaandikwa tano na ya tano ikaandikwa mbili. Kwa hiyo Mvumi tuliiona ya tano kwanza, na humo mnyonya moto mmoja mbaya sana alikufa kifo ambacho hakina mjadala, alianguka ndani ya volkano. Miezi ikapita, tukaonyeshwa ile ambayo kwa kweli ilikuwa ya pili. Akatokea yule yule, mzima, anakunywa chai.

Banda likalipuka. "Si alikufa huyu! Tulimwona!"

Mtafsiri hakusita hata sekunde moja. Akasema ndani ya kipaza sauti, kwa sauti ya yule mnyonya moto, akimimina chai: "Tangu pacha wangu afe, chai hainipandi."

Watu wakanyamaza. Wengine wakamhurumia. Na aliposhika hapo hakuachia: filamu nzima ile, kila mtu huyo alipofungua mdomo, alimtaja marehemu pacha wake. Baadaye mtu aliyetoka Dar es Salaam likizo akatuambia kwamba CD zilichanganywa na hakuna pacha. Mtafsiri akabadilisha namba kwenye ubao, kwa chaki, mbele ya watu wote. Pacha hakumfuta. Nenda Mvumi leo ukawaulize watu wa rika langu; watakuambia wale mapacha walikuwa wawili na yule wa pili alikuwa na roho nzuri zaidi.

Na kuna siku alipokuja mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu mwenye heshima zake, akakaa benchi la mbele kwa makusudi. Mtu wa Vioo alikuwa amesimama mbele ya jeshi. Akasema jambo fupi. Mtafsiri akatafsiri: "Nawaogopa, lakini nimekuja."

Mwalimu akasimama. "Hapana, hapana. Samahani ndugu. Amesema hawaogopi. Amesema, 'Siwaogopi.' Umegeuza kabisa!"

"Mwalimu," alisema Mtafsiri, "mtazame magoti."

Mwalimu akatazama. Sote tukatazama. Magoti ya Mtu wa Vioo yalikuwa yakitetemeka.

"Kaa chini, mwalimu, unaziba!" mtu akapiga kelele, na mwalimu akakaa. Wapo waliosema siku ile Mtafsiri alimshinda mwalimu. Mimi nasema alitakiwa kuaibika. Magoti ni magoti na maneno ni maneno, na mtu amelipwa kutafsiri maneno. Nimelisema hili kwa watu wengi na bado kila nikilisema nayaona yale magoti.

Sasa Bubu.

Katika filamu zote kumi na moja Bubu hasemi. Huko walikomtengeneza hiyo ndiyo sifa yake: jitu lenye nguvu kuliko wote na lisilo na neno. Mtafsiri hakuweza kuvumilia. Mwanzoni alimpa miguno tu. Kisha akaanza kumpa salamu. Meli ya adui ilipotua jangwani na mlango wake ukafunguka, Bubu akainua mkono, na Mtafsiri akamwamkia adui kwa Kigogo: "Mbukwenyi!" Bibi waliokuwa dirishani wakaitikia kwa pamoja, mtama vichwani. Tangu siku hiyo Bubu akawa mtu wa kwetu. Alikuwa Mgogo pekee katika Kikosi, na Mgogo aliyekosea viambishi.

Ubaoni, namba moja, tangu siku ilipoonyeshwa mpaka banda lilipovunjwa, ilikuwa filamu ya nne. Humo mji unawaka na watu wanakimbia kupitia daraja linalokatika. Bubu anaingia chini yake, analipokea kwa mabega, na watu wanapita juu yake, mmoja mmoja, muda mrefu sana. Siku ile tulipoonyeshwa, Bubu akiwa amelibeba daraja, Mtafsiri alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo na kusema, taratibu, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kabla:

"Mama, nauona moshi wa jiko lako, basi najua leo kuna kitu chunguni. Mimi nitachelewa. Nimeshika daraja na watu bado wanapita. Nisamehe. Mmoja wao ni yule aliyetuchomea nyumba. Nimemwacha naye apite, maana nikimwachia yeye aanguke nitakuwa nimewaachia na watoto walio nyuma yake. Nisamehe, mama. Usinifunikie chakula. Kuleni. Nitakula nikija, na kama kimeisha nitakaa tu jikoni niote moto."

Hakuna aliyesogea. Nilisikia bati likilia kwa upepo. Nilikimbia nyumbani nikayaandika maneno yale nyuma ya daftari la Jiografia, kabla hayajanitoka, na ndiyo maandishi yangu ya kwanza. Sikuyatunga, niliyanakili, lakini katika kuyanakili ndipo mkono wangu ulipogundua unachotaka kufanya maisha yake yote. Kila nilichoandika baadaye kilikuwa jaribio la kufika pale. Nilipomaliza riwaya yangu ya kwanza, miaka kumi na miwili baadaye, sikufikiria mara mbili nini kiwe ukurasa wa mwanzo, kabla ya sura ya kwanza. Niliweka maneno ya Bubu, na chini yake nikaandika jina la ile filamu.

Tuna kundi letu la waandishi Dodoma mjini. Tunakutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha kupanga Area C, viti vya plastiki, chai kwenye chupa, na dada mmoja tunayemwita Dada Mhariri kwa sababu ndiye anayehariri vitabu vyetu kabla havijapelekwa kuchapwa. Nilisoma ukurasa ule kwa sauti. Nilisoma vizuri, najua nilisoma vizuri. Kijana mmoja mwenye miwani, mtumishi wa ofisi fulani ya serikali, mpole mno, akanyoosha mkono.

"Samahani dada. Filamu hiyo nimeiona kama mara sita. Nadhani huyo unayemwita Bubu hasemi kitu pale."

"Anasema," nilimwambia.

"Labda ni filamu nyingine."

"Ni ya nne. Darajani."

Akatoa simu. Akatafuta kidogo, akaiweka mezani katikati ya vikombe, na wote tukainama. Daraja lile. Moto ule. Bubu akaingia chini. Na muziki. Vinanda tu, na mabega yale yakitetemeka, na mdomo uliofungwa kama mlango wa benki. Muziki ukaendelea mpaka mtu wa mwisho akavuka. Hakukuwa na mama. Hakukuwa na moshi.

"Kumbe Bubu Mgogo!" mtu akasema.

"Mbukwenyi!" mwingine akaitikia, na chumba kizima kikacheka. Walicheka bila ubaya. Heri wangecheka kwa ubaya, ningejua pa kupeleka mikono yangu.

Dada Mhariri ndiye hakucheka. Alinisubiri mlangoni. "Mdogo wangu, kitabu kinakwenda kiwandani wiki ijayo. Maneno haya hayawezi kukaa chini ya jina la filamu ambayo hayamo. Niambie ni ya nani. Ukishindwa, tunayatoa."

"Na mimi nikisema ni yangu?"

"Ni yako?"

Nilitoka nikatembea mpaka mtaa wa Makole kwa miguu, jua la saa tisa likinichoma utosi, nikimtukana mtu ambaye sikumwona kwa miaka minane. Kama yale maneno hayakuwa ya filamu, basi niliyemwabudu hakuwahi kuwepo. Na kama nikiyatoa kwenye kitabu, kitabu kinaanza bila mlango.

Nilimpigia mama yangu Mvumi. Nilitaka aungane nami kukasirika. Badala yake akaniuliza, "Ni ile uliyokuja kuandika unalia? Naikumbuka, ndio ule mwaka wa njaa."

"Njaa gani, mama?"

"Mvua zilikatika tangu Januari. Uwele ulikaukia shambani. Tulikuwa tunakula mara moja, na wewe ukawa unasema umeshiba."

"Lakini filamu ile ndiyo ilikuwa ya kwanza ubaoni. Hakukuwa na maganda hata moja."

Mama akacheka. "Mwanangu, mwaka ule? Karanga gani?"

Hapo ndipo hasira yangu ikapata miguu. Namba moja! Miaka yote ile, ugomvi wote ule, vijana wale wa bodaboda na malalamiko yao, na filamu iliyokaa juu ilikaa juu kwa sababu tulikuwa na njaa. Debe lilikuwa tupu kwa sababu mifuko ilikuwa mitupu. Alifagia sakafu safi akaandika namba moja.

Banda lilishakufa zamani, watu walipoanza kuangalia filamu kwenye simu zao. Niliambiwa Mtafsiri yuko mjini, anafanya kazi kwenye gari la matangazo. Alhamisi nikanunua karanga za maganda, kilo nzima, nikiwa sijui kama ninampelekea zawadi au ushahidi, nikaenda soko la Majengo.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Sauti ya Mama Upepo ilikuwa ikiuza sabuni ya unga. Ile ile, sauti iliyowahi kugeuza vimbunga, ilisema inang'arisha mashuka na kuondoa madoa sugu. Nilisimama katikati ya wauza nyanya nikiwa na machozi ya hasira, mama mmoja akaniuliza kama nimeibiwa.

Gari lilisimama kivulini, ukutani mwa ghala. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje, koti lile lile la sufi.

"Shikamoo, Mtafsiri."

"Marahaba." Ile sauti ndogo. Akanitazama. "Binti wa fundi cherehani. Benchi la tatu, kwenye nguzo."

Sikumpa nafasi ya kunifurahia. Nilimmwagia yote, nimesimama, mfuko wa karanga ukining'inia mkononi. Kwamba Bubu hasemi. Kwamba hakusema kamwe. Kwamba nilichekwa. Kwamba mwaka ule hakukuwa na karanga Mvumi nzima, na yeye alijua, na akaiandika namba moja na kuiacha pale mpaka banda lilipobomolewa. "Ulitudanganya mara mbili," nilimwambia. "Ndani ya filamu, na ubaoni."

Dereva akajifanya anafuta kioo.

"Karanga nilijua," alisema Mtafsiri. "Nilijua nikiwa nafagia."

"Basi kwa nini?"

"Pale darajani pana muziki. Muziki wenyewe mdogo. Nilikuwa nimeiangalia peke yangu asubuhi, nikaona pale hapatapita hivi hivi. Watu wamejaa, hawana cha kutafuna. Watakaa kimya dakika mbili, watasikiana matumbo." Akatazama viatu vyake. "Watoto wakisikia tumbo la baba linalia, kesho hawaji. Na baba haji. Nikasema huyu lazima aseme kitu."

"Ukamfanya aseme hivyo."

"Nilisema nini?"

Nilidhani ananitania. "Hukumbuki?"

"Maneno sikumbuki. Nakumbuka matumbo."

Sikuwahi kumkasirikia kama nilivyomkasirikia wakati ule. Kitu ambacho nilikibeba miaka kumi na miwili kama yai, yeye alikitema akaenda kufagia. "Nataka jina lako," nilimwambia. "Jina la kweli, la kwenye kitambulisho. Nitaliandika kitabuni chini ya maneno hayo."

"Usiniandike."

"Ni ya kwako!"

"Wakijua yametoka kwangu, watasema nilidanganya watu."

"Ulidanganya watu!"

"Basi," alisema. "Ndiyo hivyo."

Nikamsukumia mfuko wa karanga mapajani, nikatoa kurasa zangu kwenye begi, na kwa hasira, siyo kwa upendo, nikamsomea. Nilitaka asikie alichotupa. Soko lilikuwa na kelele, mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye bati, nami nikasoma juu ya nyundo. Mama, nauona moshi wa jiko lako. Sikumtazama mpaka nilipofika kwenye kuota moto.

Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa karanga na umetulia. Akainama, nami nikainama. Chini, kati ya viatu vyake, kwenye vumbi jekundu, kulikuwa na maganda matatu. Akageuza mifuko yote miwili ya koti nje, ikaning'inia mitupu, ili nione kwamba hakuficha.

"Matatu," alisema.

"Nimeyaona."

"Ni pale anapomwomba mama yake msamaha mara ya pili. Ameshaomba. Nikapata nafasi ya kumenya." Akafikiri. "Itoe hiyo. Ningekuwa nimesema mimi leo, nisingeisema."

Dereva akawasha gari. Mtafsiri akachukua kipaza sauti, akavuta pumzi, na mabega yake yakapanda chini ya koti. Sauti ya Mama Upepo ikatoka juu ya paa ikitangaza kwamba sabuni inabaki siku mbili tu. Gari likaondoka polepole kati ya watu. Aliondoka na karanga zangu.

Nilikaa kwenye ngazi ya ghala nikachukua kalamu. Nikakata ombi la pili, lile la "Nisamehe, mama", nikasoma tena, na alikuwa sahihi, na hilo sitamsamehe. Kisha nikafuta jina la filamu lililokuwa chini ya maneno yale. Sikuandika jina lake, kwa kuwa alikataa, wala sikuandika langu. Niliandika hivi, na Dada Mhariri alipoisoma alisema iende kiwandani ilivyo:

Bubu, filamu ya nne, kama ilivyoonyeshwa Mvumi mwaka usio na karanga.